Kamba ya Mkono na Kamba ya Kiuno

Mwanamke wa kwetu akijifungua anaingia ulma. Siku arobaini hatoki nje, hachoti maji, hakati kuni. Analala, anakunywa supu, anakunywa samli iliyoyeyushwa, na wanawake wenzake wanakuja kumtazama vile mtu anatazama shamba lililokubali. Akitoka, mashavu yanang'aa na mumewe anasifiwa. Mimi nimetoka ulma mara sita, na kila mara nilitoka kama kiriba kilichojaa. Sikulalamika. Mwanamke amefanya kazi, apewe haki yake.

Sasa sikia sisi tulifanya nini. Tulimwingiza ulma mwanamume.

Mwanamume mwenyewe alikuwa mume wangu, baba wa watoto wangu. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Ng'ombe zetu zilimalizika zamani, tukaingia Isiolo mikono mitupu, mimi nikashika kazi ya kuuza maziwa na yeye akashika kazi ya bega. Alikuwa mbeba nyama wa kichinjio. Ng'ombe akishapasuliwa katikati, ile nusu inawekwa begani mwa mtu, anaipakia kwa gari, na gari likifika kwenye mabucha anaishusha na kuitundika kwa ndoano. Si mchezo. Nyama mbichi inateleza, ni nzito kuliko mlevi, na ukiiangusha mchangani mwenye bucha anaikataa. Mume wangu hakuwahi kuangusha. Bega lake la kulia lilikuwa limeota kinundu, nyama ngumu kama mpini wa shoka, na mimi ndiye niliyejua raha ya kuweka kichwa pale.

Halafu kifua kikamshika. Alikohoa mpaka damu, akalazwa, akachomwa sindano mpaka akawa hajui alalie upande gani. Alikaa hospitali muda mrefu. Walipomrudisha mvua za Aprili zilikuwa zinanyesha, na mtu niliyempokea mlangoni alikuwa ni koti limetundikwa kwa mti. Ugonjwa umeshindwa, walisema, hawezi kuambukiza tena, amalize vidonge vyake, ale vizuri, apumzike. Usiku wa kwanza niliweka kichwa begani kwake na nikakutana na mfupa. Yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Pole. Mto wako umeenda."

"Utarudi," nikamwambia.

Msimamizi wa wabebaji alikuja kumsalimia. Alikuwa mtu wa haki, sina neno baya juu yake. Alitoa salamu, akakaa, akanywa chai, akamtazama mume wangu kuanzia juu mpaka chini na akafanya kama hakuona.

"Ndugu yangu, nafasi yako ipo," akasema. "Wenzako wanaibeba kwa zamu. Lakini Desemba ikifika watu wa ofisi na watu wa kanisa wanataka nyama kila nyumba. Wakati huo nitataka bega, salamu hazitundikwi kwa ndoano."

"Desemba utanipata," mume wangu akajibu.

Mgeni alipotoka, mume wangu alikaa akitazama mikono yake. Akaniambia, nikikosa hiyo nafasi, mama watoto, nitarudi Garbatulla nikalinde mbuzi za dada yangu na wazee wenzangu wasio na meno, na wewe utabaki hapa na watoto na shule yao. Alikuwa bado hajafika miaka arobaini. Niliona anachoogopa. Kifo alikuwa amekizoea kule hospitali. Alichoogopa ni kupona halafu awe si kitu.

Dada yake ndiye aliyeleta ulma. Wifi yangu mkubwa alifika na lori la Garbatulla akiwa na debe zima la samli, mafuta ya nundu ya ngamia, na nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa vipande vidogo ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Alikuwa mwanamke mpana, sauti yake inaingia kwa mlango kabla yake.

"Wifi, wewe umechoka," akaniambia. "Huyu nilimbeba mgongoni mimi. Anaingia ulma."

Nilicheka. "Mwanamume?"

"Kwani mwanamume hana mbavu? Amelala hospitali miezi, ametoka ametobolewa kila mahali. Umewahi kuona mzazi aliyeumia namna hiyo?"

Hoja yake ilikuwa na miguu, na mimi mwenyewe nilitaka kumwona amenona. Tukatundika pazia. Mume wangu akalala nyuma ya pazia siku arobaini kama bibi aliyejifungua mapacha. Asubuhi kikombe cha samli. Chai ya maziwa, sukari mpaka kijiko kinasimama. Mchana mafuta ya nundu, jioni wali uliooga samli. Akitaka kusimama, wifi anamrudisha chini. Akitaka kutoka kuota jua, jua linaletwa, maana tulifungua dirisha. Hospitali walisema apumzike. Sisi tulisikia alazwe.

Na alinenepa, usifikiri hakunenepa. Alipokwenda kuchukua vidonge akapandishwa kwenye mizani, muuguzi akafurahi, akaandika. Majirani wakaja. Mashallah, wakasema, uso umekuwa mwezi. Wifi akapanda lori lake akarudi nyumbani kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nilibaki na mtu wangu, na mke ana mikono. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele, kikoi hakifungi. Videvu vilikuwa viwili. Lakini mikono ilikuwa ile ile ya hospitali, na miguu miwili myembamba ilitoka chini ya lile tumbo kama ya kupe aliyeshiba. Wafugaji wanaijua hiyo sura. Kupe akijaa anang'aa, ni mviringo, na hawezi kutembea.

Siku ya arobaini na moja alitoka nje kwa furaha. Nilikuwa nimetoka mtoni na nimepumzisha debe langu njiani karibu na mlango. Debe la maji ukiliweka chini unahitaji mtu akusaidie kulirudisha kichwani, hata mtoto wa jirani mwenye nguvu kidogo anaweza. Nikasema, baba watoto, nitwike. Akainama. Debe likafika kwenye goti. Hapo likakaa. Niliona mishipa ya shingo, niliona midomo imebadilika rangi. Akaliteremsha polepole sana, vile mtu anaweka chini mtoto aliyelala, akaingia ndani na kuvuta pazia.

Nilimfuata.

"Nimekula nini siku hizi zote?" akauliza.

"Umekula mafuta."

"Na yameenda wapi?"

"Yamekaa. Mafuta hayana kazi mwilini mwa mtu aliyelala, yanatafuta mahali pa kukaa tu."

Nikakaa kwenye kitanda na nikamuuliza mambo ya kazi yake, maana mwanamume akiwa na aibu mpeleke mahali anapojua.

"Ng'ombe aliyefungwa nyumbani akalishwa, ukimpasua unakuta nini?"

"Mafuta meupe. Figo huzioni."

"Na aliyetembea kutoka Oldonyiro, kama njiani kuna nyasi?"

"Mwekundu. Nyama imeshikana. Huyo ndiye mzito begani."

"Na kama njiani hakuna nyasi?"

"Anafika ngozi."

"Basi umeshajijibu," nikasema. "Wewe ni ng'ombe wa kufungwa. Kuanzia leo utatembea na utapata nyasi. Mafuta hatuyafukuzi yote, lakini hayatakula kabla ya nyama."

Akafungua pazia. "Unataka kunipeleka mnadani."

"Nataka kukupeleka mtoni."

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, na mtu wa kizazi hiki hawezi kuielewa. Mwanamume wetu anavuta maji kwenye kisima kirefu kwa ajili ya ng'ombe, na anaimbiwa. Lakini kubeba maji ya nyumbani, ya kupikia na kuoga, ni kazi ya mke na punda. Mwanamume akionekana na debe la maji ya nyumbani watu wanauliza mke amekufa lini. Mimi sikuwa na vyuma vya kumpa anyanyue. Nilikuwa na debe.

Alianza na robo debe, begani, si kichwani. Alikataa kichwani. "Nyama haitundikwi kutoka kichwani," akasema, nikaona akili imerudi kazini. Kutoka mtoni mpaka kwetu ni mwinuko. Wanaume waliokuwa wanakunywa chai kwenye hoteli ya njiani walimwona siku ya kwanza, na mmoja, mwenye mdomo, akapaza sauti.

"Shemeji, umeolewa lini?"

"Leo asubuhi," mume wangu akajibu bila kusimama. "Mahari ni ng'ombe kumi, uwalete na kamba zao."

Hoteli yote ikacheka, na sikusikia tena mtu akimuuliza. Lakini nilikuwa nyuma yake na niliona masikio yake yamewaka.

Mambo ya chakula niliyashika mimi. Kazi yangu ya maziwa ilinisaidia. Maziwa yaliyobaki bila kuuzwa niliyatikisa, siagi nikaitoa na kupika samli, samli nikaiuza kwa wenye maduka, na yale maziwa yaliyobaki baada ya siagi akanywa yeye. Nilimgandishia ititu pia, maziwa ya mgando ambayo unayaondolea maji yake siku baada ya siku mpaka yanakuwa mazito ya kukatwa. Nyirinyiri niliichuja mafuta, akala nyama. Wenzake wa kichinjioni walimletea moyo na nyama ya shingo. Jirani yangu, mama Mmeru, mtu wa kanisa ambaye hakuwa na ubaya, alinifundisha kuchemsha mahindi na maharagwe pamoja, akanipa na mayai. Mayai mume wangu aliyatazama kama nimemwekea mawe.

"Hiki ni chakula cha nyoka."

"Nyoka ni nyama tupu kuanzia kichwa mpaka mkia. Umewahi kuona nyoka ana kitambi?"

Akala. Alifunga macho, lakini alikula. Kilichomuumiza kuliko yote ni sukari. Nilipunguza sukari ya chai mpaka akasema anakunywa maji ya kuoshea sufuria, na kwamba hospitali walikuwa na huruma zaidi na sindano zao. Alikwenda akinung'unika mpaka mlangoni, akarudi, akamaliza kikombe.

Kupima, sikuwa na mizani, na mizani ilishatudanganya. Nilikata kamba mbili za ngozi laini. Moja nikamfunga juu ya mkono, pale msuli unapolala. Nyingine kiunoni, chini ya kikoi. Fundo nilifunga mimi, na hakuruhusiwa kuligusa. Kamba ya mkono ikianza kumbana, tunafurahi, tunailegeza kidogo. Kamba ya kiuno ikimbana, wali unapungua na sukari inatoroka kabisa. Zote mbili zikilegea, ujue anakula kidogo kuliko anavyobeba, naongeza nyama na maharagwe. Ijumaa baada ya swala alikuwa anakaa kwenye kigoda, anainua mkono, na mimi napitisha kidole chini ya ngozi. Watoto walijua wasituite wakati huo. Miaka tuliyokaa pamoja, sidhani kama tumewahi kuwa karibu kuliko Ijumaa zile, mimi na kidole changu na yeye akiwa amebana pumzi tumbo liingie.

"Achia pumzi," namwambia. "Unaidanganya kamba au unanidanganya mimi?"

"Wewe. Kamba naiogopa."

Nina mjukuu siku hizi ananyanyua vyuma mjini, kijana mzuri, kifua kama mlango wa msikiti. Anakunywa unga wa kopo na analalamika kwamba akila apate misuli, tumbo nalo linakuja bila kualikwa. Nimemwambia babu yako alifanya hiyo kazi kwa maziwa ya mgando na debe la maji, na alikuwa ametoka kaburini. Anacheka. Lakini wiki iliyopita aliniuliza ile kamba ilifungwa mahali gani hasa, nikamwonyesha.

Sikumpeleka mbio. Alibeba siku mbili, siku ya tatu akakaa chini kabisa, na akikohoa hata mara moja tulisimama. Robo debe ikawa nusu, nusu ikawa debe. Debe lilipokuwa jepesi akaomba gunia la mahindi la jirani, akalizungusha ua mpaka mama Mmeru akasema mahindi yake yatachoka. Kisha akamchukua mbuzi. Mbuzi mzima, anayepiga mateke, begani. Alisema mbuzi hai ndiye anayefanana na nyama mbichi, kwa sababu wote wawili wanataka kwenda upande wao.

Wifi alirudi mwezi wa saba. Mimi nilikuwa uani natikisa maziwa. Hakutoa salamu, akaingia ndani, akatoka.

"Nimemwacha mtu hapa. Yuko wapi?"

"Aleikum salaam, wifi. Yuko mtoni."

"Mtoni anafanya nini?"

"Anachota maji."

Akakaa chini. Halafu macho yake yakaenda kwenye debe la samli alilotuletea. Nilikuwa naweka nguo ndani.

"Samli yangu iko wapi?"

"Kidogo tumekula. Iliyobaki nimeuza, nikanunua nyama na maharagwe."

"Umeuza samli ya mgonjwa," akasema, polepole, kama anamweleza mtu mwingine asiyeonekana. "Unampa maji ya mtikiso, yale tunayompa mbwa. Wewe ni mwanamke wa namna gani? Mume amerudishwa na Mungu, wewe unamfanya punda. Namchukua. Lori linaondoka kesho asubuhi, atakuwa juu yake."

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia mtu niliyeachiwa na yeye alikuwa kupe. Nilimwambia ampeleke Garbatulla, ampe mbuzi na kigoda, na akifika Desemba bila kazi aje amweleze mwenyewe kwa nini. Tuliinuliana sauti mpaka mama Mmeru akaja kwenye ua na kusema habari zenu, akaona habari zetu, akarudi kwake.

Katikati ya hayo mume wangu akatokea kwenye mwinuko. Debe moja begani, mkono mmoja umeshika, mwingine unatembea huru. Kifua wazi kwa sababu ya joto. Kile kidevu cha pili kilikuwa kimekwenda, na ubavuni, akivuta pumzi, mistari ya mbavu ilionekana. Wifi aliiona mistari hiyo na sauti yake yote kubwa ikaisha.

"Umekonda," akamwambia. Akaanza kulia.

Sikuwa nimewahi kumwona analia. Mume wangu akaweka debe chini na akachuchumaa mbele yake.

"Dada, sijakonda."

"Yule mwingine nilimwosha mimi," akasema. Walikuwa na kaka mmoja aliyekufa na kifua hicho hicho, kabla mimi sijaolewa. "Mbavu zake nilizihesabu kwa vidole nikimwosha. Nikaapa zako sitaziona tena mpaka nife mimi."

Basi nikaelewa lile debe la samli, na pazia, na siku arobaini. Maneno niliyokuwa nimebakiza mdomoni nikayameza. Nikaenda, nikashika mkono wake mnene nikauweka juu ya mkono wa mdogo wake, karibu na kamba.

"Shika, wifi. Shika vile unamshika ng'ombe ukitaka kununua."

Akabinya, na mkono wake ulijua kubinya, maana ameuza na kununua ng'ombe maisha yake yote. Akabinya tena juu zaidi, kwenye bega. Akamgeuza, akabinya mgongo, na mume wangu akasimama kimya kama dume mnadani, macho kwenye upeo.

"Ni ngumu," wifi akasema. Bado analia, lakini anasema.

"Na tumbo?"

"Tumbo ni baya. Hakuna kitu." Akapangusa uso na shuka. "Lakini mbavu uzifunike. Mimi nikiwa hapa avae shati."

Lori likaondoka kesho yake bila yeye na bila mdogo wake. Alikaa. Ramadhani ilipoingia sisi wote tulifunga isipokuwa mume wangu, kwa ajili ya vidonge, na hiyo ilimtesa, kula peke yake mchana nyuma ya mlango kama mwizi. Wifi alimpikia mwenyewe akiwa amefunga. Alikaa naye, mgongo umegeuzwa, akimhadithia mambo ya mama yao mpaka sahani iishe.

Na ilikuwa bahati alikaa, kwa sababu baadaye mimi ndiye niliyepotea. Ukame wa mwisho wa kiangazi ulifika, maziwa yakawa kidogo, na mume wangu akawa na haraka. Aliacha siku zake za kupumzika. Mbuzi asubuhi, gunia mchana, debe jioni. Mimi nilifurahi kwa sababu kiuno kilikuwa kimeingia ndani kama cha kijana. Ijumaa moja nilipitisha kidole kwenye kamba ya mkono, vikaingia viwili. Nikasema labda ngozi imelegea na jasho. Wifi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ngozi haijalegea," akasema. "Ng'ombe wako amekosa nyasi."

Alikuwa na haki. Yeye aliogopa mbavu, mimi nilikuwa nimeanza kuogopa tumbo, na mtu akiwa katikati ya wanawake wawili wenye hofu anaweza kufa njaa au kufa na samli. Tulimrudishia siku za kukaa. Wifi akamrudishia kijiko kimoja cha samli kwenye ugali, nikamwachia, akaongeza na nyama ya ngamia aliyotumiwa kutoka kwao. Mvua za Novemba zikapiga. Kamba ya mkono ikambana tena, ya kiuno ikakaa mahali pake. Siku moja nilipokuwa napanga vyombo alinishika kiunoni kwa nyuma, akaniinua juu na vyombo vyangu, akanizungusha chumba kizima na kuniweka chini.

"Wewe ni nusu ya ng'ombe gani?" akauliza.

"Ya mbele," nikasema. "Ya nyuma hutaiweza."

Aliiweza. Lakini mimi nilikuwa nimemshika shingo, nacheka. Mwanamke anayejua kucheka si mzigo wa kweli. Mzigo wa kweli haukushiki shingo.

Desemba, asubuhi aliyoambiwa aende, hakutaka chai wala maneno. Akavaa koti lake la kazi, lile jeupe lisilokuwa jeupe tena, nikaona limejaa mabegani na linafungika vifungo vyote. Wanawake hawaendi kichinjioni. Mimi na wifi tulikwenda mahali pangu pa kuuzia maziwa, mbele ya mabucha, ambapo magari ya nyama yanasimama. Nilikaa na chombo cha maziwa kati ya magoti. Wifi alikaa karibu nami amejifunika shuka mpaka puani.

Gari likaja. Msimamizi akashuka mbele, wabebaji nyuma. Niliwaza atampa mguu wa mbuzi kwanza, kwa huruma. Hakumpa huruma. Alionyesha nusu ya dume, kubwa, jekundu, na wenzake wawili wakaisukuma mpaka ukingoni mwa gari. Mume wangu akageuka, akainama kidogo, akaweka bega. Wakaachia.

Akazama. Niliona magoti yamepinda na yakakaa yamepinda, na wifi akanishika paja kwa kucha. Alikuwa amesimama vile, nyama imemfunika mpaka sikio, na hakuna mtu mbele ya mabucha aliyekuwa anazungumza, au labda mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Kisha akanyoosha. Polepole, kama mti unaoinuka baada ya upepo. Akapiga hatua, nyingine, akapanda kidaraja cha bucha, akapotea ndani. Tukasikia ndoano ikilia.

"Amekonda," wifi akasema ndani ya shuka.

"Nyamaza, wifi."

"Nasema tu. Amekonda, lakini amebeba."

Alitoka, uso unamwagika jasho, mstari wa damu ya ng'ombe umeshuka kutoka bega mpaka mfukoni. Msimamizi hakumsifu. Alimwonyesha nusu ya pili, vile anavyomwonyesha mbebaji yeyote, na hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nimeingoja tangu Aprili. Mume wangu akarudi kwenye gari. Ili afike ilibidi apite mbele yetu. Mwanamume akiwa kazini hamsemeshi mkewe barabarani, na yeye hakugeuza kichwa, lakini alipunguza mwendo.

"Mama watoto," akasema, macho mbele. "Maziwa."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimebana chombo kwa magoti mpaka kikalala upande, na maziwa ya watu yalikuwa yananitiririkia miguuni, yanaingia kwenye viatu.

"Wewe beba nyama yako," nikamwambia.

Akaenda kubeba.